Jinsi ya Kuwa Balozi wa Afrika Nzima kwa Euro 992 kwa Mwezi

Barua ya chuo imekuja, mama kashapiga vigelegele, na jirani ambaye hajakuamkia tangu mfungo wa mwaka juzi kakuletea sahani ya visheti. Hongera, unakwenda kusoma Ulaya. Kabla hujafunga sanduku, nipe dakika kumi. Mimi nilikwenda Leipzig, mashariki ya Ujerumani, kwa mwaka mmoja wa masomo. Nikarudi Unguja na cheti, koti zito ambalo sasa ni kitanda cha paka, na maarifa haya ninayoyagawa bure kwa kuwa hapana aliyetaka kuyanunua.

Anza kwa kuthibitisha kuwa una pesa. Ujerumani haimwamini mwanafunzi kwa sura. Kama huna ufadhili, unafungua akaunti maalumu, unatia humo euro 11,904, kisha akaunti inafungwa na kila mwezi unatolewa euro 992, kama mtoto anayepewa hela ya skuli. Hicho ndicho kiwango cha tangu Septemba 2024. Akaunti yangu ilijazwa na ami aliyeuza kiwanja Fuoni, mashangazi wawili, na kijumbe wa mchezo aliyekubali kutupa zamu ya mwanzo. Kwa hivyo kila nikinunua mkate Leipzig, nilikuwa nakula kipande cha Fuoni.

Ukishafika, una wiki mbili za kwenda kujiandikisha kuwa wewe ni mkaazi wa mji. Usicheleweshe, kwani kujiandikisha ndiko kunakokuletea barua. Na barua yako ya kwanza Ulaya haitatoka kwa mchumba. Itakutaka ulipe euro 18.36 kwa mwezi kwa ajili ya redio na televisheni ya umma, ada ya kila nyumba. Mimi nilijibu kwa adabu kwamba sina redio wala televisheni. Nikajibiwa kwa adabu zaidi kwamba hilo hawakuniuliza.

Sasa saa. Hapa ndipo Mswahili anapofilisika.

Sisi tunahesabu tangu jua lichomoze, wao tangu usiku wa manane. Hilo ushalizoea, unaongeza sita au unatoa sita, mambo yanakwenda. Usilofundishwa ni kwamba Mjerumani akisema *halb drei*, yaani nusu tatu, hakusudii tatu na nusu. Anakusudia nusu ya njia ya kuiendea tatu: mbili na nusu yao, saa nane na nusu yetu. Profesa wangu aliniita *halb drei*. Nikapiga hesabu: tatu na nusu, ongeza sita, tisa na nusu alasiri. Nikafika saa tisa na dakika ishirini, nimevaa suti ya Idi, kifua mbele kwa fahari ya kuwahi. Nikamkuta anafunga mlango, kofia ya baiskeli kichwani.

"Tuliahidiana *halb drei*," akasema.

"Ndiyo, profesa. Bado dakika kumi."

Alinitazama kwa muda, akafungua tena mlango, akanichorea saa kwenye kipande cha karatasi, na mishale. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo.

Ila usije ukadhani Mzungu hachelewi. Kwenye ratiba ya mihadhara utaona saa, na pembeni yake herufi *c.t.* Ni Kilatini, *cum tempore*, na maana yake ni kwamba mhadhara ulioandikwa saa nne utaanza saa nne na robo, na mhadhiri mwenyewe ndipo atakapoingia. Robo saa ya kuchelewa imehalalishwa, imeandikwa, na ina jina la kisomi. Sisi tumetukanwa kwa uchelewaji miaka nenda miaka rudi, kumbe tulichokosa ni Kilatini tu. Tangu nirudi nimekuwa nikizishauri kamati za harusi ziandike *c.t.* kwenye kadi. Bado hawajanielewa.

Katika nyumba mtakayokaa pamoja, watu wanne na jiko moja, jifunze mapipa kabla ya sarufi. Karatasi kwake, plastiki kwake, maganda kwake, na chupa ndizo zenye heshima kuliko vyote, kwa sababu zimewekwa rehani. Neno lao, *Pfand*, maana yake hasa ni rehani. Chupa ya plastiki ya maji au kopo la soda ukilirudisha dukani unapewa senti 25. Chupa ya bia, senti 8. Mimi bia sinywi. Lakini kila wenzangu wakifanya tafrija, asubuhi yake mimi ndiye niliyekuwa tajiri. Jumamosi moja nilipanda tramu na gunia la chupa tupu za bia, linalia kama njuga. Kituo cha pili akaingia mzee mmoja wa Kismayu ambaye tunasali naye Ijumaa.

"Shikamoo, mzee."

Akatazama gunia. Akanitazama mimi. "Marahaba."

"Si zangu, mzee. Nazirudisha tu."

"Alhamdulillahi," akasema, "hata kurudi ni hatua." Mpaka naondoka Leipzig alikuwa akiniombea dua.

Mambo ya siku ya kuzaliwa nayapitia haraka kwa kuwa bado yananiuma. Usimpongeze mtu kabla ya siku yenyewe kufika, hata kwa saa moja. Wanaamini ni nuksi. Na mwenye siku ndiye anayeleta keki. Hili sikulijua. Siku yangu ilipofika nilikaa chumbani tangu asubuhi nimetia manukato, nikijifanya nasoma, nikisikiliza nyayo ukumbini. Nao wenzangu walikuwa wamekaa jikoni wakinisubiri mimi na keki. Saa nne ya usiku tukakutana mlangoni mwa choo, kila mmoja amevunjika moyo.

Haya, tuje kwenye kazi yako hasa. Wewe unadhani umekwenda kusoma. Umekwenda kuwa balozi. Nchi wanachama wa Umoja wa Afrika ni 55, na wewe umetoka kisiwa kimoja cha nchi moja kati ya hizo, lakini utaulizwa habari za Nigeria, za Sudan, za tembo wa Botswana, na kama unamfahamu kijana mmoja wa Kigali, mrefu hivi, anayecheka sana. Usiseme hujui. Balozi hasemi hajui. Sema "hali ni ngumu lakini watu wana matumaini." Jibu hilo halijawahi kunitupa. Wakikuimbia *hakuna matata* waliyofunzwa na filamu ya katuni ya 1994, tabasamu. Usiwaambie kwamba kwetu mtu husema "hapana tabu" na kuendelea na safari zake. Utawavunjia utoto wao.

Utafika wakati utaalikwa kwenye Usiku wa Afrika, uje na chakula. Mimi nilikaanga sambusa, nikapika pilau ya ng'ombe, na viungo nilivyotoka navyo sokoni Darajani: iliki, mdalasini, bizari nzima, karafuu za Pemba. Nyumba nzima ikanukia. Mwenyeji wetu akaonja, akafumba macho, akatafuna taratibu.

"Tamu sana," akasema. "Lakini hii si ya Kihindi? Tulitarajia kitu cha Kiafrika hasa."

Mkameruni wa ghorofa ya tatu, aliyeitwa kwa kazi hiyohiyo, alikuwa amefungua kopo la maharage, akatia pilipili. Akasifiwa kwa kulinda asili. Tulipogongana macho akanikonyeza.

Baada ya chakula ikatolewa ngoma, nikapewa mimi. Mimi mtoto wa Mji Mkongwe. Ngoma nazijua kwa kuzipisha barabarani. Nikaomba nafasi ya kuwasikilizisha taarabu kwenye simu. Wakasikiliza fidla dakika tatu kwa heshima, kisha mmoja akauliza lini itaanza. Basi nikaichukua ile ngoma, nikapiga nilichokijua: nusu beni ya harusi, nusu vile utingo anavyogonga bodi la daladala dereva aondoke. Watu wakasimama, wakacheza. Dada mmoja akaniambia machozi yakimlenga kuwa amewasikia mababu zangu. Sikumsahihisha. Mababu zangu kweli walikuwa watu wa kuharakisha abiria.

Lakini ubalozi una siku zake za malipo. Mwenzangu mmoja alinitembeza Grünau, mtaa wa magharibi ya Leipzig uliojengwa tangu 1976, enzi za Ujerumani Mashariki. Ni safu za majumba marefu ya zege, madirisha yamefanana, nguo kwenye baraza. Akaniambia pole kwa kunileta mahali pabaya namna hii, kwani bila shaka kwetu hatuna nyumba kama hizi. Nikasimama, nikavuta pumzi. Shangazi yangu anakaa Michenzani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wataalamu wa Ujerumani Mashariki walikuja Unguja kupanga mji mpya, na maflati yale marefu ni mzao wa mipango yao. Nikamwambia, "Tunazo. Mlituletea nyinyi." Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaitazama, akatazama Grünau, akarudi kwenye simu. Ndiyo siku pekee mwaka mzima niliyoona Mjerumani kakosa la kuuliza. Tofauti, kwa kweli, ni kwamba Michenzani chini kuna urojo.

Kwa lugha, tafuta mtu wa kubadilishana naye: wewe umpe Kiswahili, yeye akupe Kijerumani. Chuo Kikuu cha Leipzig kinafundisha Kiswahili. Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, alikisomesha pale kwa miaka mingi. Kwa hivyo wa kubadilishana nao wapo, tena wamesoma. Hapo ndipo penye hatari. Mwenzangu, kijana wa kijiji kimoja cha Saksonia, aliniuliza siku ya pili kama nina njaa.

"N'shakula," nikamjibu.

Akafikiri. Akafungua daftari. "Samahani, rafiki yangu. Nadhani iliyo sahihi ni *nimekwisha kula*."

Mwaka 1928, huko Mombasa, ilikubaliwa kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja. Mimi ndiye Kiunguja. Nilikuwa nimekaa pale na viatu vyangu, nasahihishwa na mtu ambaye bahari aliiona kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na sita. Nikataka kulipiza kwa Kijerumani chao, ambacho kina ngeli tatu tu na hizo zenyewe zimewashinda kupanga: kijiko ni mume, uma ni mke, kisu si huyu wala yule. Akakubali kila kitu kwa unyenyekevu, akaandika daftarini. Mtu wa namna hii humwezi.

Pasaka akanipeleka kwao. Mama yake, bibi wa miaka sitini na kitu, alikuwa amefanya mazoezi wiki nzima. Akafungua mlango, akafunga mikono kifuani, akasema, "Shikamoo!"

Mimi nina miaka ishirini na minne. Nikiitikia marahaba, nimejitafutia laana. Nikinyamaza, nimemdharau nyumbani kwake. Nikasema "marahaba" kwa sauti ya mbu, kisha nikamwamkia yeye mara tatu mfululizo kufuta deni. Akaziitikia zote tatu, kila moja kwa shikamoo. Tukawa tunaamkiana pale kizingitini mpaka chakula kikapoa. Chakula chenyewe kilikuwa viazi vya kuchemsha na *Quark*, maziwa mazito kama mtindi uliokamuliwa maji, na juu yake mafuta ya mbegu za kitani. Nilikula sahani mbili. Sikumwuliza kama ni cha Kizungu hasa.

Kutembea ni lazima, maana nyumbani wanangoja picha. Kibali chako cha kuishi kinakuruhusu kuzuru nchi nyingine za Schengen siku 90 katika kila siku 180. Schengen yenyewe ni kijiji cha Luxembourg, ukingoni mwa mto Moselle. Mkataba ulitiwa saini Juni 1985 ndani ya boti, katikati ya mto. Nilifurahi kulijua hilo, kwani na mimi nilianza kwa boti, ya kwenda Dar kuomba viza. Ukienda Luxembourg usinunue tiketi ya basi: usafiri wa umma ni bure nchi nzima tangu Februari 29, 2020. Ndani ya Ujerumani, shika ile tiketi ya mwezi iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na ambayo imekuwa ikipanda tangu hapo. Inakupandisha treni zote za mikoa, zile zinazosimama kila penye mti, na haikupandishi za kasi. Utajua vijiji vingi.

Ndege za bei poa zitumie ukiwa na moyo. Soma jina la uwanja mpaka mwisho: Frankfurt-Hahn uko kilomita 120 hivi kutoka Frankfurt, ni kama kutua Morogoro na kutangaziwa umefika Dar, ukiwa bado una safari ya saa na ushei mbele yako. Vaa nguo zako zote, kwa kuwa begi lina bei na mwili hauna. Mimi niliingia ndegeni na suruali tatu, nikikaa sikunji goti.

Kilichobaki ni basi la usiku, na hapa naomba utulie. Nilikuwa natoka Paris, nimeshapiga picha arubaini chini ya mnara wa Eiffel, nimelala kituoni kwa saa tatu na begi likiwa mto. Picha zimeshafika kwenye kundi la ukoo, na mama kashajibu, "Mbona umekonda?" Karibu na mpaka, saa tisa ya usiku, basi likasimama. Wakapanda askari wawili na tochi. Ni ukaguzi wa kubahatisha tu, wakasema. Katika basi la watu hamsini wakabahatisha mimi, kijana wa Kisenegali wa kiti cha nyuma, na mama mmoja aliyejifunga mtandio. Kiti cha pembeni yangu alikuwako Mwaustralia, miguu peku, pasipoti ameisahau kwenye begi kubwa chini ya basi. Aliniambia mwenyewe, kwa hofu. Tochi ikampita kama inavyompita mtoto aliyelala. Nikatoa kadi yangu ya kuishi, pasipoti, kitambulisho cha chuo, bima na barua ya profesa, kwa mpangilio huo, maana nilikuwa nimeshavizoea. Askari akavisoma vyote, akasema nina nyaraka nzuri sana. Kwa hivyo ushauri wangu: kaa kiti cha njiani, usijifunike, nyaraka ziwe kwenye mfuko wa plastiki ulio wazi. Na usinunue tiketi za bahati nasibu nyingine. Hii unashinda kila mara.

Ukifika Berlin, nenda Makumbusho ya Maumbile ukamsalimie mtu wa kwetu. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi hadi pwani, ikapakiwa melini. Amesimama ukumbini, urefu unapita mita 13, dinosaria mwenye jina la kisayansi *Giraffatitan*. Mimi nililipa kiingilio kumwona. Nikakaa benchi chini ya shingo yake nusu saa nzima, nikifikiri kuwa sote wawili tumetoka Tanzania kuja Ujerumani, na yeye hakuulizwa akaunti.

Wala sisi si wa mwanzo kuja na miguu yetu. Bibi Salme binti Said aliingia Hamburg 1867, akaandika kitabu cha maisha yake, akafia Jena 1924, mwendo wa saa moja na kitu kutoka nilipokuwa nakaa. Amur bin Nasur wa Unguja alisomesha Kiswahili Berlin miaka ya 1890, na safari yake akaiandika. Salim bin Abakari akapelekwa mpaka Siberia mwaka 1896, naye akayaandika aliyoyaona kwa Kiswahili. Wote walitazamwa kama vioja, nao wakakaa pembeni wakitia wino. Kwa hivyo nunua daftari. Wakikuuliza unaandika nini, sema sarufi.

Mwezi wa nane uliofuata yule kijana wa Saksonia akaja Unguja kufanya mazoezi ya lugha, nikamkaribisha nyumbani. Siku ya kwanza mama akamwuliza kama anamjua Abdalla, mtoto wa Bi Mwanahija, anayekaa Coventry. Si Ulaya hukohuko? Siku ya pili akaombwa apike chakula cha Kizungu, waalikwa wakaja, majirani wote na watoto. Alihangaika tangu asubuhi. Akachemsha viazi, akachuja mtindi kwenye kipande cha kanga, mafuta ya kitani alikuwa amekuja nayo kwenye chupa ndogo. Akaandaa sinia, akasimama kando, uso umemwiva.

Mama akaonja. Akatafuna taratibu.

"Kitamu, mwanangu. Lakini hiki ni cha Kizungu kweli? Mbona cha Kizungu ni piza?"

Akanigeukia kuomba msaada. Nikamsogezea pilipili. Mama akajifuta mikono, akavuta kiti katikati ya ukumbi, akawanyamazisha watoto.

"Haya, baba. Tuchezee basi ngoma ya kwenu."

Na yeye, maskini, akasimama.